Mwamba Uliotoka Ikweta: Mhadhara juu ya Visiwa vya Svalbard

Walimu wenzangu, wazee wangu, na nyinyi wanafunzi mliokubali kuukosa mpira jioni hii: wanaostahili shikamooni, wengine habari za jioni.

Hiki nilichoshika ni kipande cha makaa ya mawe. Hapa Songea sihitaji kuwaeleza ni nini, maana malori yanatuangushia vya namna hii barabarani. Kimetoka mgodi wa Ngaka, hapahapa kwetu Ruvuma. Nilitaka kiwe na mwenzake hapa mezani, kutoka Pyramiden, mji wa wachimbaji uliohamwa mwaka 1998 kwenye visiwa vya Svalbard, karibu na Ncha ya Kaskazini, lakini mwenzake sikuja naye. Kule kila alama ya binadamu ya kabla ya mwaka 1946 inalindwa kisheria kama urithi, hata kopo lenye kutu, hata ubao wenye misumari. Nikaona nisije nikaanza kubishana na afisa kwa sababu ya jiwe moja jeusi. Kwa hiyo la pili mtanisaidia kulifikiria tu.

Yashikeni yote mawili kichwani, kwa sababu haya yamebadilishana makazi. La Ngaka tunalichimba leo katika joto, kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, lakini mimea iliyolitengeneza iliota kwenye nchi ya baridi, muda mfupi baada ya barafu kuondoka. La Pyramiden linakaa leo nyuzi 78 kaskazini, mahali ambapo hakuna mti hata mmoja, na mimea yake iliota kwenye kinamasi cha joto karibu na ikweta. Mtoto akifundishwa darasani kwamba Tanzania iko ikweta na Svalbard iko karibu na Ncha, anafundishwa anwani ya leo. Mwamba una anwani za zamani pia, na kazi yangu jioni hii ni kuwasomea za Svalbard.

Kwanza mahali penyewe. Ukisimama Mwanza ukaelekea kaskazini bila kupinda, utapita karibu na Kampala, Khartoum, Aswan, Ankara na Murmansk. Zote hizo zimekaa takribani kwenye mstari mmoja, kati ya nyuzi 32 na 33 mashariki. Baada ya Murmansk unaingia Bahari ya Barents, na ardhi ya mwisho kabla ya Ncha ya Kaskazini kwenye mstari huo ni kisiwa cha Kvitøya, maana yake Kisiwa Cheupe. Jina halikukosewa, kwani karibu chote kimefunikwa na barafu. Mwaka 1897 Mswidi mmoja, S. A. Andrée, na wenzake wawili walipaa kwa puto la gesi kutoka kisiwa kingine cha Svalbard wakitaka kuifikia Ncha. Puto likawashusha juu ya bahari iliyoganda, wakatembea kwa miguu majuma mengi hadi wakaishia Kvitøya. Mabaki yao yalikutwa mwaka 1930, pamoja na filamu za kamera yao, na filamu hizo ziliposafishwa zilitoa picha. Miaka 33 chini ya theluji, na picha zikatoka. Kisiwa hicho basi ndicho jirani wa mwisho wa watu wa Mwanza upande wa kaskazini, na nadhani hawajawahi kutembeleana. (Kicheko.)

Kvitøya ni pembe ya mashariki tu. Visiwa vyote kwa pamoja vimetawanyika kati ya nyuzi 74 na 81 kaskazini, na eneo lake ni kilomita za mraba kama 61,000, pungufu kidogo ya mkoa huu wa Ruvuma. Sisi Ruvuma kwa sensa ya 2022 tulizidi watu milioni 1.8. Wao ni kama 3,000, na wengi wako katika mji mmoja, Longyearbyen, ulioanzishwa mwaka 1906 na Mmarekani John Munro Longyear aliyefuata makaa ya mawe. Kisiwa kikubwa kinaitwa Spitsbergen, ambacho peke yake ni zaidi ya nusu ya eneo lote, na cha pili ni Nordaustlandet. Mwenye mamlaka ni Norway, kwa mkataba uliotiwa saini Paris tarehe 9 Februari 1920 na kuanza kutumika 1925. Mkataba huo unawapa raia wa nchi zote zilizotia saini haki sawa ya kufanya kazi na kuchimba, ndiyo maana hadi leo kuna mji wa Warusi, Barentsburg, kwenye ardhi ya Norway. Wanasheria watauzungumza vizuri zaidi yangu. Mimi natazama miamba.

Hali ya hewa nayo ina vituko vyake. Kwa nyuzi 78 mngetegemea bahari igande hadi pwani mwaka mzima, lakini upande wa magharibi unafikiwa na mkia wa mkondo wa maji vuguvugu unaotoka Atlantiki, na meli hupita. Mvua na theluji ya Longyearbyen ukiiyeyusha yote unapata kama milimita 200 kwa mwaka. Hiyo ni karibu sawa na Lodwar kule Turkana! Ni jangwa, ila ni jangwa lisilokauka, kwa sababu maji yakishuka hayana pa kwenda. Hayavukizwi sana, na hayawezi kuzama ardhini kwa kuwa ardhi chini imeganda.

Niruhusuni nieleze tabu moja ambayo ni ya msemaji wa Kiswahili peke yake. Saa zetu zinahesabiwa tangu jua lichomoze. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Sasa Longyearbyen jua halizami tangu tarehe 20 Aprili hadi 23 Agosti hivi, na tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari halichomozi kabisa. Nilipokwenda kusoma muhula mmoja kwenye chuo cha kule, UNIS, mama alinipigia simu akauliza huko sasa saa ngapi. Nikamwambia saa nane. Akauliza, ya mchana au ya usiku? Nikachungulia dirishani, nikarudi kwenye simu, nikamwambia, “Mama, ngoja nimuulize mtu.” (Kicheko.) Na wiki ya kwanza chuoni hatukufungua kitabu. Tulipelekwa kujifunza kulenga bunduki, kwa sababu ya dubu weupe. Nje ya mji hutoki bila silaha na baruti za kuwatisha. Mwanajiolojia kule anapiga magoti kusoma mwamba huku mwenzake amempa mgongo, anatazama upeo.

Jina Spitsbergen lilitolewa mwaka 1596 na msafara wa Mholanzi Willem Barentsz. Maana yake milima iliyochongoka. Ni jina zuri, lakini ni jina la mtu aliyeuona upande mmoja tu. Barentsz alipitia magharibi na kaskazini-magharibi, ambako miamba ni ya kale, migumu, iliyosukumwa na kukunjwa, na barafu ikaichonga hadi ikawa meno. Angetokea katikati au mashariki, Edgeøya au Barentsøya, angekuta milima iliyokatwa juu kwa usawa kama meza, tabaka juu ya tabaka, zimelala. Huenda leo tungeiita Visiwa vya Meza. Tofauti hiyo ya magharibi na mashariki nitairudia, kwa kuwa ina mhusika, naye ni Greenland.

Sasa anwani za zamani. Nianze na ile inayonipendeza kuliko zote.

Kaskazini mwa Spitsbergen kuna sehemu inayoitwa Andrée Land, na pembeni yake kuna hori refu, Woodfjorden. Wao husema fiodi, na mtu wa Pwani angeona hori mara moja, tofauti ni kwamba hili limechimbwa na barafu. Milima ya pale ni myekundu. Nasema myekundu kweli, wekundu wa udongo wa Dodoma, na vijito vinavyoshuka vinapaka maji ya hori rangi hiyohiyo. Ni mawe ya mchanga na matope ya kipindi cha Devoni, karibu miaka milioni 400 iliyopita, yaliyotandazwa na mito iliyoshuka kutoka kwenye safu kubwa ya milima ambayo imekwisha kuliwa zamani. Ndani yake mna visukuku vya samaki wa kale wenye magamba ya mfupa. Wekundu ni kutu ya chuma, na kutu kwa wingi namna ile inataka joto na msimu wa ukavu. Mwamba huo haukutengenezwa penye barafu.

Mtaniuliza, wekundu peke yake unatosha? Hautoshi, na hapa wanafunzi wa fizikia wafungue masikio. Matope yanapotua, chembe ndogo za madini ya chuma zilizomo hujilaza kufuata sumaku ya dunia, kama sindano ya dira. Ukiwa ikweta, sindano inayoachwa huru hulala usawa wa ardhi. Ukiwa Nchani, inasimama wima. Katikati inainama kwa pembe inayotegemea umbali wako kutoka ikweta. Matope yakigeuka jiwe, pembe ile inafungwa ndani. Unakata kijiti cha mwamba, unakiweka kwenye mashine, unapima pembe, na mwamba unakuambia latitudo ulikozaliwa. Miamba ya Devoni ya Svalbard inasema: karibu na ikweta.

Kisha kuna msitu. Kwenye bonde la Munindalen wanasayansi walieleza mwaka 2015 vishina vya miti vilivyosimama pale vilipoota, vyenye umri wa miaka kama milioni 380. Si miti ya jamii tunazozijua. Ni likopsidi, ukoo ambao uliobaki leo ni majani madogo yanayotambaa msituni. Ilifika urefu wa mita 4 hivi, na ilisongamana, shina na shina sentimita kama 20. Ni miongoni mwa misitu ya kwanza ya dunia, na ilikuwa msitu wa tropiki. Baadaye, katika kipindi cha Kaboni, zaidi ya miaka milioni 330 iliyopita, vinamasi vya ukanda huohuo vikaacha makaa ya Pyramiden. Waswidi walianza pale 1910, Wasovieti wakanunua 1927, wakajenga ukumbi wa michezo, bwawa la kuogelea na sanamu ya Lenin inayotazama barafu. Makaa waliyochoma kujipasha joto yalikuwa majani ya ikweta.

Na hapa turudi kwetu kidogo. Wakati wa mwisho wa Kaboni na mwanzo wa Permi, kipindi kilichofuata, sehemu hii tunayokaa ilikuwa ndani ya Gondwana, bara la kale lililounganisha Afrika na mabara mengine ya kusini, kusini mno kuliko leo. Ukienda bonde la Ruhuhu, chini kabisa ya mfuatano wa Karoo, yaani matabaka ya kale ya kusini mwa Afrika, kuna miamba inayoitwa Idusi, na humo mna mchanganyiko wa mawe makubwa kwa madogo ndani ya tope lililogeuka jiwe, bila kupangwa. Mto hupanga mawe yake, makubwa hapa, madogo pale. Barafu haipangi, inamwaga tu kama mtu anayehama kwa haraka. Juu ya Idusi ndipo yanapokaa makaa ya Mchuchuma na Ngaka. Barafu ilirudi nyuma, vinamasi vya baridi vikatanda, mimea ikaoza, ikafunikwa. Kwa hiyo barafu imewahi kuwa Ruvuma, wazee wangu, na Svalbard imewahi kuwa na matope mekundu. Hawakupokezana hali ya hewa. Ni ardhi zenyewe zilizosafiri.

Kwa mwendo gani? Pigeni hesabu nyepesi: kutoka karibu na ikweta hadi nyuzi 78 ni kama kilomita 8,600. Gawanya kwa miaka milioni 350. Utapata sentimita 2 na nusu hivi kwa mwaka. Kucha zenu zinakua haraka kuliko hapo.

Njiani kaskazini Svalbard ilipita kila ukanda, na kila ukanda uliacha kitu. Ilipovuka ukanda wa majangwa, bahari za kina kifupi zilikauka mara kwa mara zikaacha jasi nyeupe, ambayo leo inaonekana kwenye kuta za Billefjorden. Ni jasi kama hiyo mnayoisikia inachimbwa Kilwa, ingawa ya Kilwa ni ya enzi nyingine. Halafu maji yakawa baridi zaidi, sponji za baharini zikajaa, mifupa yao ya silika ikawa mwamba mgumu kama gumegume. Nitaupita haraka, si kwamba hauna maana, ila una rangi moja na nilivunja nyundo juu yake.

Kipindi cha Jura nitasimama, kwa ajili ya Lindi. Mnajua Tendaguru, mnajua yule mjusi mkubwa aliyepelekwa Berlin. Karibu na wakati wale wa Tendaguru wanatembea, miaka kama milioni 150 iliyopita, Svalbard ilikuwa sakafu ya bahari yenye matope meusi, na juu ya matope hayo waliogelea wanyama wakali wa jamii ya pliosauri, reptilia wakubwa wa baharini. Kikundi cha Mnorwe Jørn Hurum kilichimba mmoja wao, huku ardhi ikiyeyuka sentimita chache tu kwa siku na tope likiwang’ang’ania. Vyombo vya habari vilitangaza mita 15. Alipopewa jina rasmi mwaka 2012, Pliosaurus funkei, kipimo kilikuwa kimeshuka hadi kati ya mita 10 na 13. Bado hutaki kukutana naye, lakini naipenda ile hesabu iliyoshuka. Si kila siku mtu anakata urefu wa samaki wake baada ya kurudi pwani. (Kicheko.)

Katika kipindi cha Kreta, kilichofuata Jura, miaka kama milioni 125 iliyopita, ujiuji wa moto ulipenya kati ya matabaka ukaganda kabla ya kufika juu. Leo vipande hivyo vinatokeza kama kuta nyeusi, na ndege wa baharini wanazipenda kwa viota. Dinosaria nao walikuwapo. Nyayo zao ziligunduliwa mwaka 1960 mahali panapoitwa Festningen, kwenye mdomo wa hori kubwa la Isfjorden.

Festningen ni lazima niieleze vizuri. Pangeni chapati kumi kwenye sahani, ya kwanza kupikwa chini, ya mwisho juu. Ukitaka kuijua ya chini ni sharti uzipekue zote. Sasa mtu akizisimamisha zote wima, unaweza kupita pembeni ukazisoma moja moja bila kugusa. Ndivyo ilivyo Festningen. Kwa kilomita kadhaa za ufuko matabaka yamesimama, na ukitembea mguu mbele ya mguu unavuka kutoka Kaboni hadi baada ya dinosaria kutoweka. Nilitumia siku nzima pale. Kuna hatua moja ambapo upande wa mguu wangu wa kushoto kulikuwa na mwamba wa Permi uliojaa mabaki ya viumbe, na wa kulia tope la Triasi, kipindi kilichofuata Permi, ambalo karibu halina kitu. Kati ya hapo na hapo walikufa viumbe wengi wa baharini kuliko wakati mwingine wowote tunaoujua. Unaweza kuuruka mpaka huo kwa hatua ya mtoto.

Nani aliyezisimamisha chapati? Greenland. Svalbard na Greenland walikuwa ubavu kwa ubavu. Atlantiki ya kaskazini ilipoanza kufunguka, miaka kama milioni 55 iliyopita, Greenland haikuondoka kwa adabu, kwa kusogea moja kwa moja pembeni. Ilipita ikikwaruza, ikisukuma upande wa magharibi wa Spitsbergen. Weka mkeka sakafuni, sukuma ukingo mmoja kwa mguu: karibu na mguu mkeka unajikunja, mbali na mguu unabaki umelala. Mikunjo hiyo, pamoja na miamba ile ya kale, ndiyo magharibi aliyoiona Barentsz. Uliolala ni mashariki yenye meza.

Makaa ya Longyearbyen ni ya wakati huohuo wa misukosuko, au kabla kidogo, kama miaka milioni 60 iliyopita. Safari hii Svalbard ilikuwa tayari imefika kaskazini ya mbali, ila dunia nzima ilikuwa na joto, na misitu yenye majani mapana iliota huko. Majani yenyewe bado yapo. Ukipanda hadi kwenye kifusi mbele ya mto wa barafu wa Longyearbreen, unageuza bamba la jiwe na mishipa ya jani inakutazama, utadhani lilidondoka juzi.

Tabaka la makaa lilikuwa jembamba, mara nyingi halifiki mita moja na nusu, hivyo wachimbaji walifanya kazi wamelala ubavu. Kwa sababu ya vumbi lao, hadi leo Longyearbyen unavua viatu mlangoni, hata hotelini, hata makumbusho. Nilijisikia nyumbani. Ndani ya mgodi namba 7, mwaka 2006, waliona kitu kwenye dari: nyayo za mnyama mzito aitwaye pantodonti, mamalia wa kale. Mbona dari? Mnyama alikanyaga kinamasi laini, mchanga ukajaza shimo la mguu, kinamasi kikageuka makaa, mchanga ukageuka jiwe. Wachimbaji walipoyatoa makaa, mguu ukabaki unaning’inia juu ya vichwa vyao. Mgodi huo, wa mwisho wa Norway visiwani, umefungwa mwaka 2025. Umeme wa mji ulishaacha makaa tangu 2023, sasa unatumia dizeli inayoletwa kwa meli. Msiniulize kama huo ni uungwana kwa mazingira, wenyewe wanabishana.

Barafu nimeiacha hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu wageni huanza nayo na kudhani ndiyo Svalbard. Inafunika zaidi ya nusu ya ardhi. Tandiko moja tu, Austfonna, ni kilomita za mraba kama 8,000, yaani Unguja karibu tano. Barafu yetu ya Kilimanjaro ilikuwa kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia 2011 ilishapungua chini ya 2. Lakini barafu ya Svalbard ina tabia ya ajabu. Mito mingi ya barafu kule hukaa kimya miongo kadhaa, ikijilimbikiza juu, kisha maji yakikusanyika chini yake inateleza ghafla. Bråsvellbreen, kati ya 1936 na 1938, ulisonga mbele kama kilomita 20 baharini. Mtu akikuonyesha picha ya mto wa barafu unaosonga mbele akasema basi dunia haipati joto, muulize kwanza mto huo ni wa namna gani.

Barafu ikipungua, ardhi iliyokuwa imelemewa huinuka, kama godoro mtu anapoamka. Ndiyo sababu kwenye visiwa vya Kong Karls Land utakuta fukwe za kale zimepangana kama ngazi, za juu karibu mita 100 kutoka baharini, na juu ya ngazi hizo kuna mifupa ya nyangumi na magogo. Magogo, kwenye visiwa visivyo na mti! Yametoka Siberia. Mito ya huko huyasukuma baharini, barafu ya bahari inayashika na kuyabeba, na bila barafu hiyo kuyabeba yangezama njiani. Ukipima umri wa gogo unajua ufuko ule ulikuwa usawa wa maji lini.

Na chini ya kila kitu kuna mgando wa kudumu, mita kama 100 mabondeni na mamia milimani. Mlisikia labda kwamba Longyearbyen ni marufuku kufa. Hakuna sheria hiyo, ni stori ya watalii. Kilichopo ni kwamba majeneza hayazikwi tena kwenye makaburi ya zamani, kwa sababu ardhi inayoganda na kuyeyuka kila mwaka husukuma vitu juu. Pale wamelala wachimbaji saba vijana waliokufa kwa homa ya mafua ya 1918, na mwaka 1998 watafiti walifukua wakitafuta kirusi.

Mgando huo ndio ulioleta Mwafrika mwenzetu huko. Tarehe 26 Februari 2008, ghala la mbegu la dunia lilipofunguliwa ndani ya mlima karibu na Longyearbyen, sanduku la kwanza liliingizwa na waziri mkuu wa Norway, Jens Stoltenberg, pamoja na Wangari Maathai wa Kenya. Mlima ulichaguliwa kwa kuwa ni mawe ya mchanga yaliyotulia, uko mita kama 130 juu ya bahari, na umeganda wenyewe, kwa hiyo hata umeme ukikatika mbegu hazioti. Mashine huongeza baridi hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Oktoba 2016 mvua kubwa ilinyesha, mvua, si theluji, na maji yakaingia kwenye njia ya mlangoni. Mbegu hazikuguswa, lakini njia ikajengwa upya. Tarehe 25 Julai 2020 mjini walipima nyuzi 21.7, joto la mchana mwema wa Njombe. Desemba 2015 poromoko la theluji lilishuka mlima Sukkertoppen likasukuma nyumba 11 na kuua watu wawili, na tangu hapo mitaa ya chini ya mlima imehamishwa.

Naona mkono nyuma. Ndiyo, dada, simama.

(Mwanafunzi aliuliza: Umesema jua linarudi katikati ya Februari. Watu wanalipokeaje?)

Swali zuri, na jibu lake ni la jiolojia pia. Kwa hesabu za nyota jua linavuka upeo tarehe 16 Februari hivi. Lakini mji uko bondeni, na ile milima ya meza iliyolala matabaka inaufunika upande wa kusini, kwa hiyo mjini bado ni kivuli. Majuma matatu zaidi. Tarehe 8 Machi watu wote, watoto wamepakwa manjano usoni, wanakwenda kwenye ngazi za hospitali ya zamani. Hospitali yenyewe haipo tena, zimebaki ngazi. Wanasimama, wanaangalia pengo kati ya milima miwili, wanaita kwa sauti. Siku niliyokuwapo mimi kulikuwa na mawingu. Tulisimama nusu saa, tukala maandazi yao, tukarudi nyumbani. Lilitoka kesho yake, dakika chache, nikiwa maabara nakata jiwe jekundu la Woodfjorden, na nikaliona kwenye ukuta wa mbele yangu kabla sijageuka.